Dripu, Chumvichumvi na Ndoo ya Nyumbani
Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Kizwite, Manispaa ya Sumbawanga



Katika zahanati nyingi za nchi hii hutokea jambo ambalo kila muuguzi analifahamu. Bibi anaingia akiwa amembeba mjukuu mgongoni. Mtoto ana homa, amelegea, viganja na nyayo zake ni za baridi. Muuguzi anapima joto, anatoboa kidole ili kutafuta malaria, anasikiliza kifua, kisha anaanza kuandaa dawa. Bibi anatazama huku na huku, anaiona nguzo ya chuma imesimama pembeni haina kitu, naye anauliza kwa upole wenye lawama ndani yake: "Mwanangu, mbona mjukuu wangu hamjamtundikia dripu?" Akijibiwa kwamba mtoto huyu hahitaji dripu, moyo wake hauridhiki. Hurudi nyumbani akiamini kwamba amepuuzwa. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: humchukua mgonjwa na kumpeleka mahali ambapo, kwa malipo, dripu itatundikwa bila maswali.

Swali la bibi huyo ni la haki, na lina jibu. Tena jibu lenyewe halikuletwa kwa meli. Lilipatikana katika wodi za watoto za Muheza mkoani Tanga, za Kilifi nchini Kenya, na za Kampala, Mbale, Soroti na Gulu nchini Uganda, ambako watoto wa Afrika Mashariki walitibiwa na waganga na wauguzi wa Afrika Mashariki, katika utafiti ulioongozwa kutoka Kilifi na Profesa Kathryn Maitland. Utafiti huo ulianza mwaka 2009, na matokeo yake yalichapishwa mwezi Juni 2011.

Jambo lililokuwa likichunguzwa lilikuwa jepesi kulieleza. Mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, yule ambaye ngozi yake imepoa na mapigo ya moyo yanakwenda mbio, katika nchi tajiri alikuwa akipewa maji mengi ya dripu kwa haraka ili damu isukumwe. Vitabu vya udaktari vilifundisha hivyo. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa zikifanya hivyo, mara nyingi kwa sababu ya uhaba wa vifaa na watumishi. Watafiti walitarajia kuthibitisha kwamba watoto wa Afrika walikuwa wakikoseshwa tiba iliyokuwa ikiwaokoa wenzao wa ng'ambo. Walikuwa na kila sababu ya kuamini hivyo, na pengine hata bibi wa zahanati angekubaliana nao.

Watoto 3,141 wenye umri wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa kwa haraka maji ya chumvi ya dripu, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, na baadaye katika utafiti kiasi hicho kikapandishwa hadi mililita 40. Kundi la pili lilipewa kwa kiasi kilekile maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. Kundi la tatu halikupewa maji hayo ya haraka. Watoto wa kundi hilo hawakuachwa bila matibabu: walipata dawa za malaria, dawa za kuua bakteria, oksijeni, damu kwa waliopungukiwa sana, na maji ya polepole ya kuutunza mwili kama miongozo ya wakati huo ilivyoagiza. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni ile dripu ya kasi.

Mwezi Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikiziangalia takwimu iliamuru kazi isimamishwe kabla ya wakati wake. Baada ya saa 48, kati ya watoto waliopewa maji ya haraka, asilimia 10.6 ya wale wa albumini na asilimia 10.5 ya wale wa maji ya chumvi walikuwa wamefariki. Katika kundi lisilopewa maji hayo waliofariki walikuwa asilimia 7.3. Kwa lugha ya sokoni, kwa kila watoto 100 waliotundikiwa dripu ya kasi, watatu zaidi walipoteza maisha kuliko kama wasingetundikiwa. Madhara hayo hayakuchagua. Yalionekana kwa watoto wenye malaria na wasio na malaria, kwa wenye upungufu wa damu na wasio nao, kwa wadogo na kwa wakubwa.

Kwa nini? Mwanzoni wengi walidhani maji yaliingia mapafuni au yakavimbisha ubongo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vifo ilitokana na kuporomoka kwa mzunguko wa damu, yaani moyo na mishipa kushindwa kazi saa kadhaa baada ya mtoto kuonekana ameanza kupata nafuu. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe, kwa kuwa dripu ya kasi humchangamsha mtoto kwa muda, macho ya mzazi yanaona nafuu, na anayeona nafuu husifu. Laiti watoto hao wasingehesabiwa mmoja mmoja, katika makundi yaliyopangwa kwa kura, hakuna mganga ambaye angegundua kosa hilo kwa kutazama tu. Wengine ng'ambo walisita sana kuyakubali matokeo hayo, wakisema hospitali zao si kama za Afrika. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake kuhusu maji ya dripu kwa watoto wa namna hii.

Sasa lipo jambo ambalo likiachwa bila kusemwa, mazungumzo haya yote yatageuka sumu. Utafiti huo haukuwahusisha watoto wanaoharisha hadi kukaukiwa maji, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua moto. Hao waliwekwa kando tangu mwanzo. Kwa mtoto au mtu mzima aliyekaukiwa kabisa kwa kuhara, hasa kwa kipindupindu, dripu bado ndiyo kamba ya uhai, na kuikataa kwa sababu mtu amesikia habari za Muheza na Kilifi ni kosa la kuua. Dripu yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya kipindupindu: mwaka 1832, huko Leith nchini Uskoti, daktari Thomas Latta alimwingizia mgonjwa wa ugonjwa huo maji ya chumvi katika mshipa, akamwona anafufuka mbele yake. Kwa hiyo muuguzi anaposema "huyu hahitaji" leo, na kesho akasema "huyu tumtundikie upesi", hajigeuki. Amepima wagonjwa wawili tofauti.

Mkoa wa Rukwa haukisikii kipindupindu redioni tu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa Tanzania Bara na kuendelea kwa miaka mitatu, na mwaka 2018 Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyokuwa na wagonjwa, hasa huko bondeni kando ya Ziwa Rukwa. Anayeshuka Lyambalyamfipa kwenda kununua samaki au mpunga na kupanda tena Sumbawanga hupita kati ya hali mbili za hewa kwa siku moja, na vijidudu hupita naye.

Hata hivyo, wengi wanaoharisha hawafiki kwenye kuhitaji dripu, iwapo kitu kidogo kitafanyika mapema. Kitu hicho ni pakiti ya ORS, ile ambayo wengi huiita chumvichumvi. Ni dawa inayodharauliwa kwa sababu mbili: haiumi, na bei yake ni ndogo. Mtu aliyesafiri kwa miguu hadi kituo cha afya akapewa pakiti mbili za unga huona kama amefukuzwa kwa heshima.

Historia ya unga huo ingetosha kuuondolea dharau. Kwa miaka mingi waganga walijua kwamba mgonjwa wa kipindupindu akinywa maji matupu, yanapita tu. Kuanzia mwaka 1960 wataalamu wa mwili walianza kueleza kwamba katika ukuta wa utumbo upo mlango mdogo ambao sukari aina ya glukosi na chumvi huingia kwa pamoja, zikishikana mikono, na maji huzifuata nyuma. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata pale ugonjwa unapokuwa umeivuruga milango mingine yote. Mwaka 1968 matokeo ya majaribio yaliyofanywa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo, yalionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaokunywa maji yenye glukosi na chumvi kwa vipimo sahihi huhitaji dripu chache mno. Miaka mitatu baadaye vita viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India. Katika kambi ya Bangaon dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na sukari vichanganywe kwa wingi, vifungwe kwenye mifuko, na ndugu za wagonjwa wenyewe wafundishwe kunywesha. Vifo ambavyo vilikuwa vikifikia asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Ikumbukwe kwamba walionywesha si madaktari. Walikuwa mama, dada, shangazi na wajomba, kikombe kwa kikombe, usiku kucha.

Pakiti inayotolewa siku hizi ni ya mchanganyiko ulioboreshwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenye chumvi na sukari pungufu kidogo kuliko ule wa zamani, kwa sababu tafiti zilionyesha kwamba huo hupunguza kutapika na wingi wa kinyesi. Uzito wake ni gramu 20.5 na huchanganywa na maji lita moja kamili. Hapa ndipo makosa yanapoingia. Wapo wanaomimina nusu pakiti kwenye kikombe kimoja ili dawa iwe kali. Chumvi ikizidi, badala ya kuingiza maji mwilini huyavuta maji ya mwili na kuyatoa nje. Wapo wanaoizimua kwenye jagi kubwa ili iwatoshe watoto wote, ikabaki maji tu. Chupa mbili za maji za nusu lita zinapatikana karibu kila nyumba ya Kizwite: zikijazwa zote mbili, hiyo ndiyo lita. Mchanganyiko hunywewa ndani ya saa 24, kisha unaobaki humwagwa.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, polepole; mkubwa zaidi ya hapo hupewa nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, mama husubiri dakika 10 kisha huanza tena, polepole zaidi. Ziwa la mama haliachwi hata siku moja. Mtoto aliyekwisha kuanza kula huendelea kula, na uji wa ulezi unafaa mno. Ile desturi ya kumfungisha mtoto ili "tumbo lipumzike" haina msingi. Pamoja na chumvichumvi hutolewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, ushauri ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliutoa pamoja mwaka 2004. Akina mama wengi huviacha siku ya tatu, mtoto akishapona. Faida ya siku zinazobaki haionekani kwa macho, maana ni kumkinga asiharishe tena katika miezi inayofuata.

Ikiwa macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi taratibu, mtoto hawezi kunywa au analala asiamke vizuri, au kinyesi kina damu, hapo hakuna tena habari ya kijiko: ni kituo cha afya au hospitali, usiku au mchana, na chumvichumvi iendelee kunyweshwa njiani ikiwa anaweza kumeza. Mtoto aliyekonda sana kwa utapiamlo apelekwe mapema zaidi, kwa kuwa matibabu yake ya maji ni tofauti na yanahitaji jicho la mtaalamu.

Lakini maji ya kuchanganyia hiyo pakiti yametoka wapi? Hapo mazungumzo yanatoka wodini na kuingia jikoni.

Magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia, wachumi akiwamo Michael Kremer, ambaye baadaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel, walifuatilia chemchemi karibu 200 za vijijini. Baadhi zilijengewa saruji na bomba la kutolea maji ili watu na ng'ombe wasikanyage ndani. Nyingine zilisubiri zamu yao. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi zilizojengewa ulipungua kwa theluthi mbili. Ni mafanikio makubwa. Ila walipopima maji yaleyale yakiwa nyumbani, katika mitungi na ndoo, uchafu ulikuwa umepungua kwa takriban robo tu. Sehemu kubwa ya usafi ilikuwa imepotea njiani na nyumbani: ndoo isiyosuguliwa, jani lililoelezwa juu ya maji ili yasimwagike, kikombe kilichozamishwa pamoja na vidole, mtoto aliyechota mwenyewe. Hata hivyo, kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa robo, kwa hiyo ujenzi ule haukuwa kazi bure.

Kazi nyingine kubwa, pia ya magharibi mwa Kenya, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, ilichapishwa mwaka 2018. Wajawazito zaidi ya 8,000 walishirikishwa; familia nyingine zilipewa klorini ya kutibu maji, nyingine vyoo bora, nyingine vifaa vya kunawia mikono, nyingine lishe, nyingine vyote pamoja. Wengi walitarajia kuhara kupungue. Hakukupungua. Watafiti walipopima klorini yenyewe majumbani, waliikuta katika chini ya nusu ya nyumba zilizopewa, na mwaka wa pili zikawa chache zaidi. Yapo maelezo mengine pia, na mjadala haujaisha, lakini jambo hili moja halina ubishi: chupa ya klorini iliyo kabatini haitibu maji yaliyo ndooni. Wataalamu hawapendi kutangaza matokeo ya namna hii, na wanastahili heshima kwa kuyatangaza.

Kwa Ufipa jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 30. Huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi na maharage. Chakula kipo, ila mtoto anayeharisha mara kwa mara hakifaidi chote anachokula.

Kuhusu kuchemsha maji, Sumbawanga ina swali lake ambalo watu wa pwani hawana. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 94, si 100. Je, vijidudu vinakufa? Vinakufa. Vile vinavyosababisha kuhara na kipindupindu hushindwa kuishi hata kabla maji hayajaanza kuchemka. Maji yakishachemka yakatokota sawasawa, yametosha. Kuyaacha yatokote nusu saa ni kuchoma mkaa bure, na mkaa huo una uhusiano na misitu, ukiwamo wa Mbizi, ambao ndio unaotunza vyanzo vya maji ya mji huu. Asiye na mkaa anayo klorini. Na wakati wa kiangazi, anga inapokuwa haina wingu, lipo jua: mwaka 1996 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya, ambamo maji yaliyojazwa katika chupa za plastiki zinazoonyesha na kuanikwa juu ya paa tangu asubuhi yaliwapunguzia kuhara. Saa sita za jua kali hutosha. Siku za mawingu huhitajika siku mbili, na maji ya tope hayafai kwa njia hii hata kidogo.

Baadhi ya wasikilizaji watauliza: na nyumba ambayo maji yenyewe ni haba? Swali hilo liliulizwa zamani. Kati ya mwaka 1966 na 1968 Gilbert White, David Bradley na Anne White walitembelea maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania wakihesabu ndoo. Kitabu chao cha mwaka 1972 kilionyesha kwamba magonjwa mengi hayaletwi na maji machafu pekee. Mengine huletwa na uchache wa maji, pale familia inapopata ya kunywa na kupikia lakini ikakosa ya kunawa mikono na uso. Upele, trakoma na sehemu kubwa ya kuhara vimo humo. Watafiti waliporudi katika maeneo yaleyale baada ya miaka 30, walikuta nyumba zenye mabomba zinatumia karibu nusu ya maji ya zamani kwa kila mtu, kwa kuwa bomba lilikuwa halitoi kila siku. Na katika maeneo ya mijini yasiyo na bomba muda wa kuchota ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu. Nani huchota, kila mtu hapa anajua.

Kwa hiyo, maji yakiwa machache, ya kunawa mikono baada ya choo na kabla ya kumlisha mtoto yatengwe kwanza, hata kama nguo zitasubiri kesho. Ya kunywa yakae katika chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba au koki, kama dumu la lita 20 au ndoo yenye bomba, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Chombo kisuguliwe kwa sabuni kila kinapokwisha, kabla ya kujazwa tena. Na pakiti mbili za chumvichumvi zikae nyumbani muda wote, mahali pakavu, pamoja na zile chupa mbili za nusu lita zilizokwisha kuoshwa, kwa kuwa kuhara kwa mtoto huanza mara nyingi usiku, wakati zahanati imefungwa na jirani amelala.